Kosele na Jirani Zake: Majina ya Mahali kama Ushahidi wa Historia

1. Utangulizi

Kosele ni kijiji kidogo chenye soko, karibu na mji wa Oyugis, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Msafiri atokaye Kisii kwenda Kisumu hufika Oyugis, akanunua viazi vitamu ambavyo nchi ya Kabondo inasifika kwavyo, kisha akaendelea na safari yake pasipo kujua kwamba pembeni pana mahali paitwapo Kosele. Kijiji hiki kilipata kutajwa katika karatasi za serikali wilaya ya Rachuonyo ilipomegwa kutoka wilaya ya Homa Bay katika miaka ya 1990, kwani Kosele ndiyo iliyofanywa makao makuu ya wilaya hiyo mpya. Katiba ya mwaka 2010 ilipoleta mfumo wa kaunti, Kosele ikabaki katika Rachuonyo Kusini, ndani ya Kaunti ya Homa Bay.

Mgeni afikaye Kosele aghalabu huelekezwa mahali pengine. Huambiwa aende akalione ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, auone Mlima Homa, azuru mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, na akiwa na siku moja zaidi, avuke mpaka wa Kaunti ya Migori akatazame kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Vitabu vya kuwaongoza watalii huyaeleza mambo hayo kwa urefu na upana wake, kwa idadi ya ndege na wanyama, na kwa ubovu au uzuri wa barabara. Majina yenyewe huachwa yapite kama vibandiko tu.

Makala haya yanakusudia kuipita njia hiyo hiyo ya mgeni, lakini kwa kuyauliza majina yanatuambia nini juu ya historia ya nchi hii. Hoja yake ni kwamba majina ya mahali hayana ushahidi wa namna moja. Liko jina linalomtaja mkazi, liko linalotaja tukio, liko linaloeleza sura ya nchi, na liko lililopita vinywani mwa wageni hata likabadilika. Kila namna ina jambo inaloweza kulishuhudia na jambo isiloweza. Asiyezitenganisha namna hizi ataweza kuwapokonya watu historia yao pasipo kukusudia, na hatari hiyo, kama itakavyoonyeshwa, ni kubwa zaidi pale Thimlich Ohinga.

2. Kosele: jina linalomtaja mkazi

Dholuo, lugha ya wenyeji wa Kosele, ni lugha ya Kinailoti ya tawi la magharibi, nasaba moja na Kiacholi, Kilang'o, Kialur na Kishilluk. Katika lugha hii neno ka, likitangulia jina la mtu, lina maana ya 'nyumbani kwa' au 'kwa jamaa ya'. Jina hilo la mtu likianza kwa irabu, irabu ya ka hudondoka. Hivyo Ka na Ogelo hutoa Kogelo, jina la kijiji cha Siaya lililosikika duniani kote mwaka 2008, wakati Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Ka na Opany hutoa Kopany, kama katika Rodi Kopany, njia panda iliyo kusini ya mji wa Homa Bay. Kwa kanuni hiyo hiyo, umbo la Kosele linaelekea kuwa Ka na Osele, yaani kwa Osele. Pale jina la mtu linapoanza kwa konsonanti, ka hubaki kamili: Karachuonyo, Kasipul, Kabondo.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego unaomngoja hapa. Sikio lililozoea lugha za Kibantu husikia ka- na kufikiria mara moja kiambishi cha udogo. Si ajabu mtu akadhani Kabondo ni kabonde kadogo, na kwa kuwa nchi yenyewe ina mabonde, dhana hiyo ikampendeza. Lakini ka ya Dholuo haihusiani na udogo wowote. Iliyo karibu nayo kwa maana ni kwa ya Kiswahili, kama katika Kwa Jomvu kule Mombasa au Kwa Njenga kule Nairobi.

Hata hivyo ulinganisho huo nao una mpaka wake. Jina kama Kwa Njenga limefungwa na ardhi: wakazi wakihama, jina hubaki pale pale. Jina la Kiluo lenye ka ni la watu na la nchi kwa pamoja. Karachuonyo ni mbari, na ni nchi inayokaliwa na mbari hiyo. Kwa sababu hiyo jina laweza kufuatana na watu wanapohama. Msafiri atakuta Sakwa ya Bondo, kaskazini ya ghuba, na atakuta Sakwa nyingine huko Awendo katika Migori. Jina hilo halina ka, lakini linaonyesha vizuri jinsi jina la watu linavyovuka maji pamoja na wenyewe. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluo wa Kusini, alionyesha jinsi kuenea kwa watu hawa kunavyoweza kufuatiliwa kwa masimulizi ya mbari na nasaba zao. Majina ya mahali ni sehemu ya masimulizi hayo, ila yamefupishwa mno.

Yafaa pia kutaja umbo la Kanya-, ambalo limebeba neno nyar, yaani 'binti wa'. Katika nyumba ya wake wengi, watoto wa mama mmoja waliweza kujulikana kwa asili ya mama yao, na baadaye nyumba hiyo ikawa mbari. Kwa hiyo, ingawa nasaba ya Kiluo huhesabiwa kwa baba, ramani ya nchi imehifadhi kumbukumbu za akina mama ambao orodha za wazee wa kiume huwapita haraka.

Jambo linalothibitishwa na Kosele, basi, ni hili: wakati fulani jamaa ya mtu mmoja ilikaa hapa, na jirani zake wakaitambua kwa jina lake. Jina halisemi jamaa hiyo ilikuja lini, wala nani alikuwapo kabla yake. Mpaka huu ni wa kukumbukwa.

3. Simbi Nyaima: jina la tukio

Kutoka Kosele, njia ya kaskazini-magharibi humfikisha mgeni Kendu Bay, bandari ya zamani katika ghuba. Karibu na mji huo, Gendia, wamisionari wa Kisabato walianzisha kituo mwaka 1906: Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen aliishughulikia sarufi ya Dholuo na akaanzisha uchapaji pale Gendia. Sehemu kubwa ya majina yaliyokuwa yakitamkwa tu ikaanza kupata sura ya maandishi katika zama hizo za misheni na utawala wa Kiingereza, kwa kalamu ambazo hazikuwa na alama za toni, ilhali Dholuo ni lugha ya toni.

Magharibi ya Kendu Bay liko ziwa dogo la mviringo, lenye maji ya magadi yasiyonyweka, ambalo mara kwa mara hutembelewa na makundi ya heroe. Wataalamu wa miamba husema ni shimo la volkeno lililojaa maji. Wenyeji huliita Simbi Nyaima, na hufasiri jina hilo kuwa ni Simbi iliyozama. Simbi kilikuwa kijiji. Usiku mmoja wanakijiji walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akaja bikizee mchovu akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimhurumia. Bikizee akamwonya ahame na jamaa yake, kisha mvua ikashuka na kijiji kikazama pamoja na karamu yake. Wasimulizi hutofautiana katika vipengele. Msingi wa kisa ni huo.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua kwamba kisa hiki kina ndugu wengi. Wayunani wa kale walikuwa na habari za Baucis na mumewe Philemon, waliowapokea miungu waliojifanya wasafiri na wakaokoka mji ulipogharikishwa. Vitabu vitakatifu vina habari za miji ya Luti. Upwa wa Waswahili nao una desturi ya kuyatazama magofu na kuyasomea dhambi ya kiburi. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, umesimama juu ya fikra hiyo.

Je, jina kama hili ni ushahidi wa historia? Ni kosa kulitumia kuthibitisha kwamba kijiji kilizama usiku mmoja. Umri wa shimo la volkeno hupimwa na wataalamu wa miamba, si na msimulizi. Lakini ni kosa pia kulitupa. Jina hili lashuhudia sheria ya jamii: kwamba kumpokea mgeni ni wajibu, na kwamba wajibu huo ulihesabiwa kuwa mzito kiasi cha kuandikwa juu ya nchi yenyewe. Nchi ya watu wanaohamahama, ambamo kila jamaa wakati fulani ilikuwa jamaa ya wageni, ilikuwa na haja kubwa ya sheria kama hiyo. Jina la mkazi, kama Kosele, hutuambia nani alikaa. Jina la tukio, kama Simbi Nyaima, hutuambia waliokaa waliamini nini juu ya namna ya kukaa na wenzao.

4. Homa na Kavirondo: majina yaliyopita vinywani mwa wageni

Barabara itokayo Kendu Bay kwenda mjini Homa Bay hupita kusini ya Mlima Homa, nao huonekana wazi ukiwa umejitokeza katika rasi iliyozungukwa na maji. Msemaji wa Kiswahili asikiapo Homa Bay hawezi kuzuia fikra ya maradhi. Kwa kuwa nchi zilizo kandokando ya ziwa hili ndizo zinazosumbuliwa zaidi na malaria nchini Kenya, fasiri ya 'ghuba ya homa' huonekana kuwa na akili. Nayo si kweli. Waluo huuita mlima huo Got Uma, na huusema pia kwa jina la God Marahuma, mlima mashuhuri. Got ni mlima. Homa ni Uma au Huma iliyoandikwa na wageni, wakaiongezea neno la Kiingereza la ghuba. Msemaji wa Kiswahili naye akaleta maana ya tatu. Mlima wa sifa ukageuka kuwa ghuba ya maradhi.

Mfano huu unaweza kuchekesha, lakini una ndugu asiyechekesha. Ghuba ya Winam iliandikwa katika ramani za wakoloni kuwa Ghuba ya Kavirondo, na nchi yote iliyo kando yake, pamoja na watu wake wa lugha mbalimbali, ikaitwa Kavirondo. Jina hilo lilienezwa na misafara ya biashara kutoka pwani, ambayo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Joseph Thomson alipofika nchi hii mwaka 1883, alifika na msafara wa namna hiyo, na jina likaingia katika vitabu vya Ulaya. Wenyeji hawakujiita hivyo. Kosele ikawa katika wilaya ya Kavirondo Kusini, ambayo baadaye ilipewa jina la Nyanza Kusini. Hata Nyanza ni neno la Kibantu lenye maana ya ziwa; Mluo husema nam, na Winam kwake ni wi nam, yaani kichwa cha ziwa.

Wataalamu wa Kiswahili hupenda kuieleza lugha hii kuwa ni lugha iliyowaunganisha watu wa bara na pwani. Hilo ni kweli. Pamoja na hayo, historia ya neno Kavirondo yatukumbusha kwamba lugha ya mawasiliano huweza pia kuwapa watu jina wasilolitaka, na kulikabidhi kwa watawala wakalifanya kuwa sheria. Majina ya namna hii ni ushahidi mzuri wa njia za biashara na za utawala. Juu ya wakazi wenyewe hayasemi mengi.

5. Thimlich Ohinga: majina na wajenzi

Kutoka Homa Bay, njia hushuka kusini. Kulia imebaki mbuga ya Ruma, iliyoitwa kwa jina la bonde la Lambwe hadi ilipobadilishwa jina mwaka 1983, na ambayo ndiyo maskani ya korongo, swala mkubwa aliyetoweka kwingineko nchini Kenya. Njia hupita Rodi Kopany na Ndhiwa, katika nchi ya Kanyamwa alikotoka Gor, yule mganga aliyepewa sifa ya Mahia, yaani miujiza, ambaye klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968 imechukua jina lake. Kisha hufika katika vilima vya Migori.

Hapo mgeni hukuta kuta za mawe zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa wastani wa mita 1 hivi. Hakuna chokaa, hakuna saruji, na mawe hayakuchongwa. Hapa ndipo mtu wa pwani, aliyezoea kuta za Gedi au Lamu zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hushangaa. Kuta zimesimama kwa namna mawe yalivyopangwa: safu ya nje, safu ya ndani, na mawe madogo yaliyojazwa katikati yakizifunga safu mbili hizo pamoja. Milango ni mifinyu na mifupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu. Aingiaye hana budi kuinama, na aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ndani yalikuwamo makao ya watu na mazizi ya mifugo, na ziko dalili za ufuaji chuma. Ujenzi huu umehesabiwa kuwa wa karne ya 16, na makao yaliendelea kukaliwa kwa vipindi hadi karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nayo haiko peke yake: katika nchi iliyokuwa Nyanza Kusini yamehesabiwa maboma ya namna hii zaidi ya 500.

Maboma makubwa ya Thimlich ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Msomaji aliyeifuata njia tangu Kosele atayatambua majina hayo mara moja. Yote ni ya ka. Ni kwa Ochieng', kwa Kuku, kwa Oketch, kwa Oluoch. Ni rahisi mno, basi, kukata shauri kwamba Ochieng' na wenzake ndio waliojenga, na kwamba wajenzi walikuwa Waluo.

Shauri hilo halisimami, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ile iliyokwisha kuelezwa: ka humtaja mkazi, na mkazi aliyebaki katika kumbukumbu huwa ni wa mwisho. Ya pili ni kwamba Ochieng' ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likiwa juu, Oketch ni wa wakati wa njaa, Oluoch ni wa siku ya mawingu. Kila kizazi kina akina Ochieng' wengi. Bila nasaba kutoka kwa wazee, jina Kochieng haliwezi hata kutuambia ni Ochieng' yupi. Ya tatu ni ushahidi wa wanahistoria na wa wachimbaji wa mambo ya kale, kwamba mahali hapa palikaliwa na jamii zaidi ya moja kwa kufuatana, na kwamba kabla ya Waluo kuenea kusini ya ghuba walikuwapo wasemaji wa lugha za Kibantu.

Jina la mahali penyewe ni la kupimwa vile vile. Thim ni pori, lich ni -a kutisha, na ohinga ni boma. Mtu aweza kusema kwamba waliojenga na kukaa hapa wasingaliyaita makao yao pori la kutisha; kwa hiyo waliotoa jina ni wageni waliokuja baadaye wakakuta kuta zimemezwa na miti. Hoja hii ina nguvu, lakini haikati shauri. Yawezekana pori lilipewa jina kwanza, na maboma yakajengwa ndani yake kwa sababu hiyo hiyo ya kutisha. Yawezekana pia jina ni la baada ya wakazi wa mwisho kuondoka. Jina la sura ya nchi hutuonyesha nchi ilivyomtokea mtoa jina, halituonyeshi tarehe.

Kwa nini suala hili lina uzito? Katika kandokando za ziwa na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano wako Wasuba, watu wenye asili ya Kibantu ambao, kizazi baada ya kizazi, wameiacha Kisuba na kusema Dholuo. Henry Ayot, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alieleza jinsi Wasuba na Waluo walivyochanganyika. Watu waliobadili lugha hubadili pia majina ya mahali, au huyatamka kwa sauti za lugha mpya. Tukiyasoma majina ya Kochieng na Koketch kana kwamba ni hati za ujenzi, tutakuwa tumewafuta wajenzi walio wa kale zaidi kwa silabi moja tu. Tukienda upande wa pili na kusema kwamba Waluo hawana sehemu yao katika kuta hizo, tutakuwa tumewadhulumu waliozikarabati, wakazilinda, na wakazihifadhi hadi zikatufikia.

Afrika imekwisha kuona gharama ya kosa la namna hii. Great Zimbabwe ilihusishwa na Wafoinike na wageni wengine kwa miaka mingi, kwa kuwa walowezi hawakutaka kuamini kwamba Waafrika waliijenga, ingawa uchunguzi wa David Randall-MacIver wa mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson wa mwaka 1929 ulionyesha wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Kule wajenzi walinyimwa haki na wageni. Katika Nyanza Kusini hatari ni ya namna nyingine: wenyeji na watafiti wenyewe waweza kuwanyima haki jirani zao kwa kuisoma sarufi vibaya.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika mwendo wa siku mbili au tatu kutoka Kosele majina hubadilika namna yake, na ushahidi wake hubadilika pamoja nayo. Kosele na Kochieng hutaja wakazi, Simbi Nyaima hutaja tukio na wajibu, Thimlich hutaja sura ya nchi machoni pa mtu fulani, na Homa Bay na Kavirondo hutaja njia ambazo maneno yalipita. Kuyakusanya yote katika orodha moja ya alfabeti, kama ifanyavyo ramani, ni kuyanyang'anya nusu ya maana yake.

Kazi iliyoko mbele ya idara za lugha ni kuyaandika majina haya upya, pamoja na toni zake, pamoja na maneno kama gunda, yaani mahame, na gunda buche, yaani mahame yenye mahandaki, ambayo hutofautisha aina za makao yaliyoachwa. Na pamoja na nasaba za jamaa zinazotajwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa maktabani, wala haifai kufanywa na msemaji wa lugha moja. Yataka mtu wa Dholuo, mtu wa Kisuba na mtu wa Kigusii wakae pamoja, na Kiswahili kiwe lugha ya kuwaandikia wote.

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale pasipo na kuta wala ziwa la kuvutia wageni. Mtafiti afikapo sokoni Kosele, swali lake la kwanza liwe ni Osele alikuwa mwana wa nani, alitoka wapi, na alimkuta nani. Sehemu ya kwanza ya swali hilo itajibiwa na jamaa ya Osele. Sehemu ya mwisho ataipata kwa jirani zao.